SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: KUNUNUA PIKIPIKI KUUKUU

Kata ya Gongoni, mjini Tabora, imo katika nchi ya Unyanyembe, ambako ilipita njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Katika karne ya 19 misafara ilipumzika hapo, ikanunua chakula, na wapagazi waliochoka wakapata wa kuwapokea. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, lakini haikuingia katika vijiji vya ndani. Katibu anayewazungukia wakulima wa tumbaku na wafugaji nyuki katika misitu ya Uyui na Sikonge hutegemea pikipiki. Ikimharibikia njiani, hakuna mpagazi wa kumpokea mzigo.

Kwa hiyo pikipiki kuukuu inayosemwa kuwa "inataka matengenezo kidogo tu" ni jambo la kupimwa na chama, wala si la kukimbiliwa. Fedha ni za wanachama, na bei anayoitaja muuzaji ni sehemu tu ya gharama.

1. Hati kabla ya injini

Kadi ya usajili ikaguliwe kwanza. Namba ya chesisi, ambayo kwa kawaida hugongwa kwenye shingo ya usukani, pamoja na namba ya injini, hazina budi kulingana na zile za kadi. Namba iliyokwanguliwa au kugongwa upya ni sababu ya kuacha mara moja. Jina la kadi liwe la muuzaji mwenyewe, au awe na mkataba unaomuunganisha na mwenye jina. Iulizwe pia kama kuna deni la faini za barabarani kwa namba ile. Hakuna fundi awezaye kutengeneza kasoro ya hati.

2. Ukaguzi wa chombo

Chama kiende na fundi wake, si rafiki wa muuzaji, tena asubuhi, injini ikiwa baridi. Injini iliyokwisha kupashwa moto huficha ugumu wa kuwaka. Kiki ikikanyagwa taratibu, mguu uhisi ukinzani. Ikishuka bila kuzuiliwa, silinda imelika au vali hazifungi.

Moshi nao una maana yake. Moshi mweusi ni dalili ya petroli kuzidi hewa, na mara nyingi tiba yake ni kusafisha kabureta na chujio la hewa. Moshi wa buluu ni dalili kwamba injini inakula oili. Hapo ringi, pistoni au vali zimechoka, na gharama ni kubwa. Chembe za chuma katika oili, au mgongo mzito kutoka tumbo la injini, huashiria kasoro kubwa zaidi.

Fremu itazamwe kwa makini palipochomelewa na palipopakwa rangi mpya. Gurudumu la mbele na la nyuma yafuatane katika mstari mmoja. Meno ya sproketi yaliyopinda kama ndoana, tairi zilizokwisha, breki na spoki zilizolegea si kasoro za kutisha, kwani hivyo ni vitu vya kubadilishwa. Kila kimoja kiandikwe pamoja na bei yake.

Mwisho, fundi aulize madukani mjini kama spea za aina hiyo zinapatikana. Pikipiki isiyo na spea Tabora itasimama majuma mengi katikati ya msimu wa masoko.

3. Hesabu

Uchukuliwe mfano huu, ambao tarakimu zake ni za kufundishia tu:

Bei ya muuzaji: Sh. 900,000
Pistoni, ringi na kazi ya silinda: Sh. 180,000
Mnyororo na sproketi: Sh. 60,000
Tairi na mipira ya ndani: Sh. 140,000
Breki, beringi na nyaya: Sh. 70,000
Malipo ya fundi: Sh. 70,000
Akiba ya kasoro zisizoonekana (robo ya matengenezo): Sh. 130,000
Kubadili umiliki na bima: Sh. 150,000
Jumla: Sh. 1,700,000

Tuseme pikipiki mpya, pamoja na usajili na bima, ni Sh. 2,800,000. Kwa haraka, kuukuu inaokoa Sh. 1,100,000. Lakini ikiwa mpya itatumika miaka 5, gharama yake ya ununuzi ni Sh. 560,000 kwa mwaka. Kuukuu ikitumika miaka 2 ni Sh. 850,000 kwa mwaka. Ikifika miaka 3 ni karibu Sh. 567,000. Swali la chama, basi, si "Ni bei gani?" bali "Itatufikisha mwaka wa tatu?" Jibu hutegemea injini na fremu, si rangi ya tangi.

4. Uamuzi

Katibu asinunue peke yake. Ripoti ya fundi iwe kwa maandishi, iwekwe mbele ya bodi, na matumizi yawe ndani ya makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu. Chama kikikopa, mkopo usivuke ukomo wa madeni. Malipo yafanywe kwa stakabadhi na mkataba wenye mashahidi, na umiliki uhamishwe Mamlaka ya Mapato kwa jina la chama, si la katibu wala mwenyekiti. Pikipiki iliyobaki katika jina la mtu humfuata mtu huyo siku anapoondoka.

Ikiwa hati ni safi, fremu ni nzima, spea zipo na kasoro ni za vitu vya kubadilishwa, chama kinaweza kununua, kwa bei iliyopunguzwa kulingana na orodha ya fundi. Ikikosekana mojawapo ya hizo tatu za kwanza, chama kiache, hata bei ikishuka namna gani. Fedha iliyobaki katika akaunti bado ni ya wanachama.

Maswali ya mjadala

1. Katika mfano uliotolewa, muuzaji apunguze bei hadi kiasi gani ili pikipiki itakayodumu miaka 2 ilingane na mpya?
2. Chama chenu kina kitabu cha kuandika safari, mafuta na matengenezo ya chombo chake? Ikiwa hakina, gharama za mwaka uliopita zitajulikanaje?
3. Ni nani katika chama chenu anayetunza kadi ya usajili, na imeandikwa jina la nani?