Kufundisha Kubadili Volti kwa Betri Iliyochoka

Wanafunzi wetu wengi wameona chaja ya simu, lakini ni wachache waliowahi kuuliza jinsi kijisanduku hicho kinavyogeuza volti 230 za ukutani kuwa volti 5. Siri yake ni kuwasha na kuzima mkondo upesi mno, maelfu ya mara kwa sekunde, na kuhifadhi nishati katika koili kwa muda mfupi. Jambo hili laweza kufundishwa darasa la sita, ila si kwa kufungua chaja. Ndani yake mna kapasita ishikayo takriban volti 325, ambayo huweza kubaki na chaji hata baada ya chaja kuchomolewa. Sisi twapendekeza njia iliyo salama: betri moja ya tochi iliyochoka.

Shabaha. Mwishoni mwa somo, mwanafunzi aweze kueleza kwamba saketi haiumbi nishati, bali hubadili volti tu.

Zana. Betri iliyochoka isiyovuja. Taa ndogo nyeupe ya diodi. Transista ya aina ya NPN, kama BC547. Rezista ya omu 1,000. Pete ya feraiti. Na nyaya mbili nyembamba zilizofunikwa, nyekundu na kijani. Pete hupatikana kwa fundi redio. Wanafunzi wasivunje taa za zamani kuitafuta, kwani vioo vya baadhi ya taa hizo vina zebaki. Fundi huyo pia akuonyeshe miguu ya transista: beisi, kolekta na emita.

Kuunga. Zungusha nyaya zote mbili kwa pamoja katika pete, mizunguko 15 hadi 20. Mwanzo wa waya mwekundu na mwisho wa waya wa kijani viungwe pamoja kwenye chanya ya betri. Mwisho wa mwekundu uende kwenye kolekta. Mwanzo wa kijani upitie rezista hadi beisi. Emita iende kwenye hasi. Mguu mrefu wa diodi uungwe na kolekta, na mfupi uungwe na hasi.

Hatua za somo. Kwanza, unga diodi moja kwa moja na betri. Haitawaka, maana huhitaji karibu volti 3, na hata betri mpya ina volti 1.5 tu. Waulize wanafunzi: je, betri hii imekwisha kabisa? Waandike majibu yao. Kisha washa saketi. Taa itakapowaka, usikimbilie kueleza, waache wajadiliane.

Ndipo utumie mfano wa manati. Mtoto huvuta mpira polepole, nguvu hukusanyika, kisha huachia mara moja na jiwe huruka mbali. Vivyo hivyo, transista ikiruhusu mkondo, usumaku hukusanyika katika pete. Ikizuia, usumaku huo huporomoka na kusukuma umeme kwa volti kubwa kuliko ya betri. Taa huwaka na kuzimika upesi hata jicho likaona mwanga mmoja usiokatika.

Kosa la kuangaliwa. Baadhi ya wanafunzi watasema kwamba pete imezaa umeme. Usiwakemee. Iache taa ikiwaka siku kadhaa, nao waandike kila asubuhi jinsi mwanga unavyofifia hadi kuzimika. Betri yenyewe itawajibu kuliko maneno yetu.

Hatuna budi kukiri kosa letu pia. Tulipoonyesha saketi hii kwa mara ya kwanza, taa haikuwaka, kwa kuwa tuliunga mianzo ya nyaya zote mbili pamoja. Darasa zima lilitutazama. Tulibadili ncha za waya mmoja, ikawaka. Tangu siku ile hatuingii darasani na saketi ambayo hatukuijaribu jioni iliyotangulia. Nawe, mwalimu mwenzetu, fanya hivyo.