Utunzaji wa Mitambo ya Maji Moto: Tangi Lisinyimwe Pumzi

Majira ya kipupwe yanapoingia katika Nyanda za Juu Kusini, maji ya bomba ya alfajiri huwa baridi kiasi cha kufisha ganzi vidole. Ndiyo sababu nyumba za kulala wageni, mabweni, vituo vya afya na kaya nyingine zimefunga juu ya paa mitambo ya kupasha maji kwa nguvu ya jua. Mtambo huo ukitunzwa hudumu kwa miaka mingi na kwa gharama ndogo. Ukipuuzwa, waweza kumwunguza mtoto, kupasua mabomba, hata kulipua tangi. Somo la toleo hili linaeleza mambo ambayo kila mmiliki anapaswa kuyafahamu.

Namna mtambo unavyofanya kazi

Mtambo una sehemu kuu mbili: kikusanya joto, ambacho huweza kuwa paneli bapa au mirija ya kioo, na tangi lililofunikwa kwa kizuia joto. Jua hupasha maji yaliyomo katika kikusanya joto. Maji hayo huwa mepesi, hupanda hadi kwenye tangi, na yale ya baridi hushuka kuchukua nafasi yake. Mzunguko huo hauhitaji pampu, mradi tangi liwe juu zaidi ya kikusanya joto. Kwa kuwa tuko kusini mwa Ikweta, paneli huelekezwa kaskazini.

Mitambo mingi ina pia koili ya umeme kwa siku za mawingu. Koili hiyo ni msaidizi tu. Kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzi joto 15 hadi 60 huhitaji zaidi kidogo ya uniti 5 za umeme, kazi ambayo jua huifanya bure. Kamwe koili isiwashwe ikiwa tangi halina maji, kwani huungua mara moja.

Pumzi ya tangi

Maji yanapopata moto hutanuka. Tangi la lita 200 likipashwa kutoka nyuzi joto 15 hadi 65, maji yake huongezeka kwa takriban lita 4. Ongezeko hilo lazima lipate mahali pa kwenda.

Katika mtambo unaopokea maji kutoka tangi la plastiki lililoinuliwa, maji hayo hupanda katika bomba la kupumulia, ambalo ncha yake iko wazi juu ya paa. Katika mtambo uliounganishwa moja kwa moja na bomba lenye msukumo mkubwa, kazi hiyo hufanywa na valvu ya usalama, ambayo hufunguka yenyewe msukumo unapozidi kiwango.

Hapa ndipo lilipo kosa la hatari kuliko yote. Mwenye nyumba huona valvu ikidondosha maji, huhesabu hasara ya ankara, kisha huiziba kwa kizibo au huifungia koki. Matone machache wakati maji yanapopata moto ni ya kawaida. Ndiyo pumzi ya tangi. Ikizibwa, na kidhibiti joto cha koili kikaharibika, maji huendelea kupata moto na kupita nyuzi joto 100 bila kuchemka, kwa sababu yamefungiwa. Siku tangi litakapopasuka, maji hayo yatageuka mvuke kwa ghafla, nao mvuke huchukua nafasi inayozidi ile ya maji kwa takriban mara 1,600. Mlipuko wa namna hiyo hung'oa paa na kuua.

Valvu inayotiririsha maji mfululizo, hata wakati wa baridi, inaashiria ama imechakaa, ama msukumo wa bomba umezidi. Tiba yake ni kubadilisha valvu au kufunga kipunguza msukumo. Bomba la kutolea maji ya valvu lielekezwe chini, mahali ambapo halitamwunguza mpita njia, wala lisiwekwe koki.

Kiwango sahihi cha joto

Maji ya tangini yafikie nyuzi joto 60. Maji vuguvugu yanayokaa muda mrefu, hasa kati ya nyuzi 25 na 45, ni makazi mazuri ya bakteria waitwao Legionella. Bakteria hao walitambuliwa baada ya mlipuko wa homa kali ya mapafu mwaka 1976 jijini Philadelphia, Marekani. Huingia mwilini kwa kuvuta pumzi yenye chembechembe za maji, kama zile za bafu la manyunyu. Kwa hiyo, chumba cha wageni kilichokaa bila mtu kwa wiki kadhaa kifunguliwe mabomba yake kwanza, maji yatiririke taratibu kwa dakika kadhaa, madirisha yakiwa wazi.

Hata hivyo, maji ya nyuzi joto 60 humwunguza mtu mzima kwa sekunde chache, na mtoto kwa muda mfupi zaidi. Yachanganywe na ya baridi kabla ya kufika bombani, yasizidi nyuzi 50. Bafuni, baridi itangulie kuingia ndooni, moto ufuate.

Mashapo, chokaa na kutu

Udongo na chokaa vinavyoletwa na maji hutuama chini ya tangi na kuganda juu ya koili. Ukoko huo huzuia joto kupenya, hivyo koili hutumia umeme mwingi na kuungua mapema. Walau mara moja kwa mwaka tangi lifunguliwe koki ya chini hadi maji yatoke safi.

Matangi mengi ya chuma huwa na fito ya magnesiamu ndani yake. Fito hiyo huliwa na kutu kwa niaba ya tangi. Ikiisha, kutu hulihamia tangi lenyewe. Fundi aikague wakati wa kusafisha na kuibadilisha ikiwa imekwisha.

Usiku wa sakitu

Maji yanapoganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, kiasi cha kutosha kupasua mrija wa shaba. Wanaoishi katika miinuko inayopata sakitu, kama Kitulo, wavike mabomba ya nje kizuia joto, na mtambo usiotumika uondolewe maji. Mirija ya kioo iliyokaa mitupu juani isijazwe maji baridi mchana, kwani hupasuka; ijazwe alfajiri.

Ratiba ya kufuata

Kila mwezi, vumbi lifutwe juu ya kioo asubuhi kabla jua halijakolea. Kila baada ya miezi 6, mkono wa valvu ya usalama uinuliwe kidogo ili kuhakiki kuwa maji yanatoka na kukoma. Kila mwaka, fundi asafishe tangi na kukagua fito, na kazi ya umeme ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Kabla ya kugusa chochote, swichi izimwe.

Ndugu mwananchi, ikiwa valvu ya mtambo wako imezibwa, usisubiri tarehe ya ukaguzi. Zima umeme, acha maji yapoe, kisha mwite fundi leo.