Kazi Mbalimbali, Nia Moja
(Matendo ya Mitume 6, 1-7)

Siku za kwanza za Eklezya, Wakristu wa Yerusalemu waliweka mali zao pamoja, na kila siku wajane walipewa chakula. Lakini hesabu ya waamini ilipozidi kukua, manung'uniko yalitokea. Wengine walisema Kigriki, wengine Kiebrania. Na wale wa Kigriki waliona ya kuwa wajane wao wanasahauliwa katika ugawaji. Neno la chakula lilitaka kuwatenga ndugu waliobatizwa kwa ubatizo mmoja.

Mitume hawakuwakemea walionung'unika, wala hawakulificha jambo lile. Waliwaita waamini wote, wakawaeleza kwamba haifai wao waache Neno la Mungu ili kuhudumia meza. Wakawaagiza wachague watu 7 wenye sifa njema, waliojaa Roho Mtakatifu na hekima. Wakachaguliwa Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao wa Antiokia. Majina hayo yote ni ya Kigriki: upande uliolalamika haukudharauliwa. Mitume wakasali, wakawawekea mikono. Tangu hapo kazi zilikuwa mbili, lakini nia ilibaki moja. Na Neno la Mungu likazidi kuenea.

Katika Kongo, mwaka 1961, Maaskofu walikutana Leopoldville, mji unaoitwa leo Kinshasa, wakakusudia kuijenga Eklezya juu ya jumuiya ndogo zilizo hai. Katika vijiji vya mbali padri hufika mara chache. Mwalimu hufundisha, mwongozi huongoza sala, mwingine hutunza sadaka, mwingine huwaangalia wagonjwa. Je, mwalimu na mwongozi wasiposemezana, nani ataumia? Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Ataumia mjane ambaye paa la nyumba yake linavuja, na mgonjwa asiyetembelewa. Ataumia pia mkatekumeni, kwa kuwa amefundishwa pendo, naye halioni kwa wale waliomfundisha.

Kuwa na nia moja si kunyamazia kosa. Ni kulisema mbele ya wenzi, kwa upole, na kutafuta pamoja faida ya wote. Mkatekumeni naye asipeleke maneno kwa huyu na kwa yule, wala asijiite mtu wa mwalimu fulani. Paulo aliwakataza Wakorinto kujigawa hivyo, kwani aliyesulibiwa kwa ajili yao ni Kristu peke yake.

MASWALI

1. Kwa nini Wakristu wa Yerusalemu walinung'unika?
Kwa sababu wajane wa waliosema Kigriki walisahauliwa.

2. Mitume walifanya nini?
Waliwaita wote, wakawaagiza kuchagua watu 7 kwa kazi ile.

3. Waongozi wa Eklezya huungana kwa nini?
Kwa kumtumikia Kristu mmoja, ijapo kazi zao si moja.

KUSUDIO LA JUMA HILI

Mkatekumeni aliyekosana na mwenzake amwendee kabla ya Dominika, wapatane. Kisha waende pamoja kumtembelea mjane mmoja wa kijiji.