Sala Isiyokoma
Somo kwa wakatekumeni



Mtume Paulo, alipowaandikia Wakristu wa Tesalonike, aliwaagiza wasali pasipo kukoma. Wengi wakisikia agizo hilo hushangaa. Mvuvi wa Mboko husema: «Mimi hukesha ziwani usiku kucha nikivua ndagala, nisali saa ngapi?» Mama wa Kiliba husema: «Alfajiri nachota maji, mchana napalilia, jioni natwanga mihogo, nitapiga magoti lini?» Wengine huwaza moyoni kwamba jambo hili ni la mapadri na masista tu. Tulitazame vema, maana anayelikosea ataiacha sala mapema, hata akiisha kubatizwa.

I. Mtume alitaka nini?

Someni barua hiyohiyo tangu mwanzo. Katika sura ya pili Paulo anawakumbusha jinsi alivyofanya kazi kwao usiku na mchana, asije akamlemea mtu. Kazi yake ilikuwa kushona mahema. Basi yule aliyeagiza sala isiyokoma alikuwa mtu wa kazi za mikono. Hakuwaambia watu waache jembe na wavu, wala hakutaka midomo iseme maneno mchana kutwa. Kusali ni kuinua moyo kwa Mungu. Midomo huchoka na magoti huchoka, lakini moyo waweza kukaa umemwelekea Baba hata mikono ikiwa kazini.

Tazameni jikoni. Mama akiisha kupika hazimi moto wote, bali hufunika makaa kwa majivu. Usiku huoni mwali wala moshi. Alfajiri hufukua majivu, huweka kijiti kikavu, hupuliza kidogo, na moto huwaka. Ndivyo ilivyo sala ya daima. Sala za kupiga magoti ni mwali. Moyo unaomkumbuka Mungu ni makaa. Lakini angalieni: makaa yasiyopulizwa siku tatu huwa majivu matupu. Kwa hiyo asemaye, «Mimi husali moyoni tu,» naye hapigi magoti kamwe, anajidanganya.

II. Namna ya kuzoea

1. Mwanzo wa kazi. Uamkapo, kabla ya kusema na mtu, fanya ishara ya Msalaba, umtolee Mungu kazi, furaha na taabu za siku hiyo. Mvuvi ambaye kazi yake huanza jua likichwa, na amtolee Mungu usiku wake pale ufukoni, kabla ya kusukuma mtumbwi.

2. Katika kazi. Hapa zinafaa sala fupi. Petro alipoanza kuzama hakutunga maneno marefu; alimlilia Bwana kwa neno moja, na mkono wa Bwana ukamshika. Nehemia, alipoulizwa na mfalme haja yake, alimwomba Mungu kwanza, kisha akajibu. Basi zifungeni sala fupi pamoja na mambo ya kila siku. Ukiwasha taa ya kuvutia samaki, sema: «Yezu, uniangazie.» Ukijitwika kuni, sema: «Yezu, uliyebeba msalaba, unisaidie.» Ukipita penye makaburi, waombee marehemu. Ukitukanwa, sema: «Bwana, uulinde ulimi wangu.» Na kengele ya Malaika wa Bwana ikilia, simama kidogo, ingawa jembe li mkononi.

3. Jioni. Nyumba nzima isali pamoja, na kila mmoja achunguze dhamiri yake: leo nimemkumbuka Mungu wapi? Nimemsahau wapi?

Msianze na mambo mengi. Haba na haba hujaza kibaba.

III. Mambo yanayoiua sala

La kwanza ni udanganyifu. Auzaye mchele kwa kipimo kilichobonyezwa, huku akinong'ona Salamu Maria, amemgeuzia Mungu mgongo, hata midomo yake ikimtaja. Kazi yaweza kutolewa kuwa sadaka, wizi hauwezi.

La pili ni moyo wa pande mbili. Anayefunga hirizi kwenye wavu, kisha akamwomba Mungu samaki, hajaamini bado kwamba Mungu ni Baba.

La tatu ni kukata tamaa kwa sababu ya mawazo kutangatanga. Mawazo yakikimbia bila wewe kutaka, si dhambi. Yarudishe kwa upole, kama mchungaji amrudishavyo mbuzi, uendelee.

IV. Mfano wa pwani yetu

Mnamfahamu Padri Luigi Carrara, Mmisionari Msaveri wa Baraka. Tarehe 28 Novemba 1964, siku ya Jumamosi, kesho yake ikiwa Dominika ya kwanza ya Majilio, alikuwa kanisani akiwaungamisha waamini. Waasi wakafika kwa gari, wakamuua nje Bruda Vittorio Faccin. Padri alipotoka walitaka kumchukua garini. Alikataa, akaomba afe pamoja na ndugu yake. Akapiga magoti penye maiti ya Bruda, akauawa hapo. Siku ileile, huko Fizi, waliuawa Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert, aliyezaliwa na mama Mkongo na Kapteni Joubert wa Moba. Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo, kwa jina la Papa Fransisko, aliwatangaza wote wanne kuwa Wenye heri.

Labda mtu atauliza: «Walisali, na risasi ziliwafikia. Basi sala yafaa nini?» Swali hilo ni la haki, hasa katika nchi hii iliyoona vita vingi. Jibu ni hili: sala si dawa ya kumkinga mtu na kila baya. Haikuwaondolea kifo, iliwazuia wasitengwe na Mungu wala na ndugu zao. Padri Carrara hakuwa na saa ya kujifunza kupiga magoti mbele ya bunduki. Magoti yake yalikwisha kuzoea.

Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, waliofika Massanze kwenye pwani hii mwaka 1880, aliagiza watu wazima wajiandae miaka minne kabla ya ubatizo. Msinung'unike mkiona muda wenu ni mrefu. Majibu ya katekisimu hushikwa kwa miezi. Mazoea ya moyo hutaka miaka. Hatujui saa itakayotukuta, wala kama tutakuwa ziwani, njiani au kitandani. Na itukute makaa yakiwa bado na moto.

Maswali

1. Je, Mtume Paulo aliacha kazi ili asali? Umejuaje?
2. Kwa nini makaa hayatoshi pasipo mwali?
3. Hirizi na sala zapatana? Eleza.
4. Sala iliwafaa nini Wenye heri wa Baraka na Fizi?

Azimio la juma hili: Chagua kazi moja uifanyayo kila siku, na sala fupi moja. Uziunganishe kwa siku saba. Dominika umweleze katekista wako ilivyokuwa, hata kama ulisahau mara nyingi.