Njaa ya Mwili na Njaa ya Roho

Wanafunzi wapenzi, kila mmoja wenu aijua njaa. Mtu akilima tangu alfajiri hata jua la utosi, tumbo lake humwambia kwamba nguvu zimekwisha. Njaa hiyo si adui, ni mjumbe. Mtu mwenye afya huona njaa, bali mgonjwa hukataa chakula hata kikiandaliwa mbele yake. Kwa hiyo mama humwogopea mtoto asiyetaka kula kuliko mtoto aliaye akitaka uji.

Roho nayo ina njaa yake. Leo tutasoma habari za msichana mmoja aliyeiona njaa hiyo, tupate kujipima wenyewe.

Mary Jones alizaliwa mwaka 1784 katika nchi ya Wales, karibu na mlima uitwao Cader Idris. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo, akafa Mary angali mtoto mdogo. Wakabaki yeye na mama yake katika umaskini.

Siku zile shule zilikuwa chache. Mchungaji mmoja wa mji wa Bala, jina lake Thomas Charles, alituma waalimu wakae miezi michache katika kijiji kimoja na kufundisha watu kusoma, kisha wahamie kijiji kingine. Kwa njia hiyo Mary akajua kusoma. Walakini kujua kusoma kulimzidishia njaa, maana nyumbani kwao hapakuwa na Biblia. Yasimuliwa kwamba alikuwa akienda maili mbili mpaka nyumba ya mkulima mmoja aliyekuwa nayo, akasoma huko, kisha akarudi akiyakariri njiani yale aliyoyasoma.

Basi akaazimu kununua Biblia yake mwenyewe. Alifanya kazi ndogondogo, akaweka akiba muda wa miaka sita. Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka 1800, alipokuwa na umri wa miaka 15, alikwenda kwa miguu hata Bala, mwendo wa maili yapata 25, kwa njia ya milima na mabonde. Alipofika kwa Bwana Charles aliambiwa kwamba Biblia ni haba mno, na watu wazitakao ni wengi. Hata hivyo hakurudi mikono mitupu. Biblia aliyoipata ipo hata leo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge, na ndani yake Mary aliandika kwa mkono wake kwamba aliinunua katika mwaka wa 16 wa maisha yake.

Njaa ya msichana huyo haikuishia kwake. Bwana Charles alikwenda London kuwaomba watu wasaidie kupiga chapa Biblia kwa ajili ya Wales. Mmoja wa waliokutana naye akauliza: ikiwa Wales yahitaji, je, nchi nyingine zote hazihitaji? Ndipo mwaka 1804 kikaundwa Chama cha Biblia cha Uingereza na Nchi za Nje. Chama hicho ndicho kilichotoa Biblia nzima katika Kiswahili mwaka 1891. Mary mwenyewe aliolewa na mfumaji, akafuga nyuki, akafa mwaka 1864, mzee wa miaka 80.

Sasa, wanafunzi, tuyashike mambo matatu.

Kwanza, chakula cha roho ni cha kila siku. Waisraeli walipokuwa jangwani waliokota mana kila asubuhi, na waliyoilaza kinyume cha agizo iliingia mabuu. Vivyo hivyo sala ya juzi haimshibishi mtu leo.

Pili, hakuna awezaye kumlia mwenzake. Baba yako akiwa mcha Mungu, yeye ndiye aliyeshiba. Wewe wapaswa kunyosha mkono wako mwenyewe.

Tatu, kitabu ni sahani, bali chakula ni Kristo mwenyewe. Makutano waliokula mikate mitano na samaki wawili walimtafuta Bwana Yesu siku ya pili yake, wapate kula tena. Akawafundisha watafute mkate usioharibika, na kwamba mkate huo ndiye yeye. Wengi hawakupendezwa na neno hilo, wakaenda zao. Walitaka kushiba tumbo tu.

Mimi mwalimu wenu nakiri kwamba nilipokuwa katika chuo cha waalimu nilisoma Injili kwa ajili ya mtihani. Nilipata alama nzuri, nikabaki na njaa. Nilikuwa kama mtu awezaye kutaja vyakula vyote vya karamu, naye hakutia tonge hata moja kinywani. Baadaye, katika mwaka wa msiba nyumbani kwangu, nilizifungua kurasa zile zile bila mtihani wo wote mbele yangu, nikamwomba Bwana mwenyewe anilishe. Hapo ndipo nilipokula.

Mwaka kesho wengine wenu mtatoka shuleni humu. Huko mwendako hapatakuwa na kengele ya sala, wala mwalimu wa kuwaambia fungueni kitabu. Ndipo itakapojulikana nani alikula hapa kwa kulazimishwa, na nani alikuwa na njaa. Ukiona huna njaa hiyo, usiseme, Nimeshiba. Jiulize kama huenda u mgonjwa, ukamwendee Tabibu.

Maswali

1. Kwa nini mwalimu asema kwamba njaa ni mjumbe?
2. Mary Jones aliweka akiba muda wa miaka mingapi, na alikwenda mwendo gani kwa miguu?
3. Njaa ya Mary iliwafaaje watu wa nchi nyingine?
4. Eleza maana ya maneno haya: kitabu ni sahani, bali chakula ni Kristo.
5. Je, wewe wafungua Biblia siku ambayo hukuagizwa na mtu? Jijibu moyoni mwako.