Shamba la Mfano la Usharika: Mahali pa Mboji na pa Miti ya Asili

Katika Mwanzo 2:15 twaona kwamba mtu alipewa kazi mbili bustanini: kulima na kutunza. Ya kwanza twaijua sana. Ya pili yahitaji mafundisho, hasa kwetu Uluguru, ambako mvua ya masika huuchukua udongo wa miteremko na kuupeleka mtoni Ruvu.

Yafaa tukumbuke mambo yaliyopita. Katika miaka ya 1950 serikali ya Waingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Mahali pengi udongo mzuri ulifukiwa, ukabaki juu ule usio na rutuba. Mwaka 1955 ghasia zilitokea, mtu mmoja akauawa, na mpango ule ukaachwa. Basi shamba la mfano halimwamuru mtu. Humwonyesha tu, naye akiiona faida atakwenda kufanya kwake.

Kwanza, shauri. Kwa desturi ya Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na apandaye mti katika ardhi ya kuazima aweza kudhaniwa kuwa anaidai. Kwa hiyo wazee wa ukoo na waulizwe kabla ya jembe kuinuliwa.

Pili, mboji. Tuchague mahali penye kivuli, karibu na matuta ya mboga, mbali na kisima. Tupange majani makavu, kisha mabichi, kisha samadi na udongo kidogo, tukinyunyiza maji. Turudie hata lundo lifike kiunoni, tulifunike kwa nyasi. Kijiti kikichomwa katikati na kutoka na joto, twajua kwamba yaoza vema. Baada ya majuma matatu tuligeuze. Kwa kawaida katika miezi mitatu huwa tayari, nayo hunukia kama udongo wa msituni.

Tatu, miti ya asili. Mkuyu upandwe kando ya kijito. Mkangazi mpakani, maana hukua sana na kivuli chake hudhuru mboga. Matete yakingame mteremko, yaushike udongo. Kila mmea uandikwe jina lake kwa Kiluguru na kwa Kiswahili, watoto wasome.

Tukianza lundo mwezi wa Julai, mboji itakuwa tayari kwa mvua za vuli. Na jirani apitaye akiuliza habari zake, tusimhubirie maneno mengi. Tumpe kikapu kimoja akajaribu.