Sungura Waliozaliwa Bila Kupangwa: Namna ya Kuwatafutia Makao Mema
Somo la robo hii kwa kamati za sharika na marafiki wa miradi yetu



Katika toleo hili hatuleti taarifa ya mradi mkubwa. Tunaleta somo lililotokana na jambo dogo lililotokea Bujonde, wilayani Kyela, katika nyumba ya mtumishi mmoja wa usharika. Jambo lenyewe lilihusu sungura, lakini lilitufundisha mambo ambayo sisi wa ofisi ya miradi tulidhani tunayajua tayari. Tunaomba kamati zilisome kwa pamoja na kulijadili kwa kutumia maswali yaliyo mwishoni.

1. Jinsi jambo lilivyoanza

Wajukuu wa nyumba hiyo waliletewa sungura wawili kutoka Mbeya mjini. Muuzaji alisema wote ni majike. Hawakuletwa kwa ajili ya kitoweo wala biashara. Watoto waliwapa majina, wakawa wanawakatia majani kila jioni wakitoka shule, na wenzao wa shule ya Jumapili wakazoea kupita kuwaangalia baada ya ibada.

Asubuhi moja mmoja wa wale "majike wawili" alionekana akijinyonyoa manyoya kifuani na kuyarundika pembeni mwa banda. Kesho yake kulikuwa na watoto saba, wekundu, wasio na manyoya, macho yamefumba. Mmoja alikutwa amekufa siku hiyo hiyo. Wakabaki sita.

Mwenye nyumba alimtoa dume mara moja na kumjengea kizimba chake. Alifanya vema, lakini alikuwa amechelewa kwa saa chache. Jike la sungura halina siku maalumu za joto kama ng'ombe. Yai hushuka kwa sababu ya kupandwa, na anaweza kushika mimba tena siku ile ile aliyozaa. Mimba huchukua takriban siku 30 hadi 32. Mwezi mmoja baadaye wakazaliwa wengine watano. Nyumba iliyokuwa na sungura wawili ikawa na kumi na watatu, na masika yalikuwa yamekolea.

2. Kosa letu la kwanza: haraka

Habari ilipofika ofisini tulicheka, kisha tukatoa ushauri mwepesi: gaweni kwa wanaotaka. Hivyo wawili wa uzao wa kwanza walipewa familia ya kwanza iliyoomba, wakiwa na wiki nne tu. Hakuna aliyekwenda kuona banda. Hakuna aliyeuliza wanatakiwa kwa ajili gani. Watoto waliambiwa, "Wanakwenda kuishi vizuri."

Baada ya wiki chache tukajua kwamba mmoja alikufa kwa kuhara, na wa pili alipokua kidogo alichinjwa siku ya sherehe ya kipaimara. Familia ile haikutenda kosa lolote. Kwao sungura ni mfugo kama kuku, na hakuna aliyewaambia vinginevyo. Kosa lilikuwa letu sisi tuliowaahidi watoto jambo ambalo hatukulihakiki.

Mtoto mmoja, msichana wa darasa la tatu, alimwuliza babu yake kama wale wengine nao "watakwenda kuishi vizuri". Babu alituambia kwamba hakuwa na jibu. Sisi pia hatukuwa nalo. Ndipo tulipoelewa kwamba hapa kuna neno la watu wazima ambalo watoto walikuwa wakilipima.

3. Kosa letu la pili: kutaka kuligeuza kuwa mradi

Wakati huo huo ndugu mmoja kwenye kikao alipendekeza tuandike andiko la mradi wa sungura kwa wafadhili. Alisema wanyama wapo, watoto wapo, na picha zitapendeza. Tunakiri kwamba tulianza hata kupiga hesabu.

Wafadhili wanaosoma kurasa hizi wanastahili kujua kwa nini tuliacha. Mradi huanza na hitaji ambalo jamii yenyewe imelitaja. Hili lilikuwa tukio la bahati mbaya lililotafuta kisingizio. Hatukuwa na soko, hatukuwa na mtaalamu wa sungura, na joto la Kyela si rafiki wa mnyama huyu. Bwana wetu, katika Luka 14:28, anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Sisi tulikuwa tumeanza kuhesabu fedha za mwenzetu kabla ya gharama.

Utaratibu wa kupokezana mifugo, ambao wengi wetu tunaujua kwa jina la "kopa ng'ombe, lipa ng'ombe", ni jambo jema. Ulienezwa na shirika la Heifer, lililotokana na wazo la Dan West, mkristo wa Marekani, na shehena yake ya kwanza ya mitamba ilipelekwa Puerto Rico mwaka 1944. Lakini hata katika utaratibu huo mpokeaji huandaliwa kwanza: banda, malisho na mafunzo hutangulia mnyama. Sisi tulitanguliza mnyama.

4. Mambo ya kujua kabla ya kumtoa mtoto wa sungura

Tulirudi nyuma na kujifunza. Haya ndiyo tuliyoyapata, na tunayaweka hapa ili yamsaidie mwingine.

(a) Kunyonya. Mama wa sungura hunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, kwa dakika chache. Ukiona hakai na watoto wake, usidhani amewakataa, wala usikimbilie kuwanywesha maziwa ya ng'ombe. Angalia matumbo yao: yakiwa yamejaa, wananyonya. Macho hufunguka wakiwa na siku kumi au kidogo zaidi.

(b) Umri wa kuondoka. Ni heri mtoto akae hadi wiki nane. Akiondolewa mapema na kubadilishiwa chakula ghafla, tumbo huharibika, na kuhara humwua haraka. Anapoondoka apewe na mfuko wa chakula alichozoea.

(c) Jinsia. Hili ndilo lililotuponza. Kwa mtoto mdogo ni vigumu kutofautisha. Mshike chali kwa upole, bonyeza kidogo pembeni mwa sehemu ya siri: dume huonyesha kitundu cha mviringo kinachojitokeza, na jike huonyesha mpasuo. Rudia wiki kwa wiki, na mwite ofisa mifugo wa kata athibitishe. Wakifika miezi mitatu wawe wametenganishwa, kwa kuwa wengine huanza kupandana kabla ya mwezi wa nne, hata ndugu kwa ndugu. Madume wakubwa wasiwekwe pamoja, maana hupigana na kujeruhiana vibaya.

(d) Banda. Kyela ipo karibu na ziwa, kwenye mwinuko wa takriban mita 500 tu, na mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka. Sungura huvumilia baridi kuliko joto; joto likipita nyuzi 30 huanza kuhema kwa taabu. Banda linyanyuliwe kutoka ardhini, liwe chini ya kivuli, lipitishe hewa, na lisivuje. Mianzi yetu inafaa sana. Miguu ya banda isimame kwenye makopo yenye maji au oili chafu, kwa sababu siafu wakiingia usiku hawabakizi mtoto.

(e) Chakula. Nyasi ndizo msingi, hasa zilizokaushwa. Majani yaliyolowa mvua yaanikwe kwanza. Majani ya viazi vitamu yanafaa. Lakini majani ya parachichi ni sumu kwao, na majani na maganda ya kakao yasiwasogelee. Twasema hivyo kwa sababu katika nyumba nyingi za Kyela kakao iko hatua chache kutoka mlangoni. Maji safi yawepo usiku na mchana.

(f) Kuachia porini. Mtu mmoja alishauri tuwaachie mashambani wajitafutie. Sungura wa hadithi zetu, yule mjanja anayemshinda fisi, ni mnyama wa porini ambaye watoto wake huzaliwa na manyoya na macho wazi. Huyu wa kufugwa ana asili ya Ulaya na hajui kujificha. Wengi watauawa na mbwa na kicheche siku za mwanzo. Na mahali wanapoweza kustawi, madhara huwa makubwa zaidi: Australia mwaka 1859 mkulima aitwaye Thomas Austin aliachia sungura wasiozidi 24 kwa ajili ya kuwinda, na nchi ile ingali ikigharimika kwa ajili ya uzao wao.

5. Maswali tuliyoyauliza katika kila nyumba

Walibaki watoto tisa: majike watano na madume wanne. Safari hii tulikwenda nyumba kwa nyumba, tukiwa na mwenye sungura na mmoja wa wajukuu. Tuliuliza maswali sita tu:

- Mnamtaka kwa ajili gani? Semeni wazi, hatutawahukumu.
- Nani atamlisha siku za shule na siku za kupanda mpunga?
- Banda liko wapi? Tulione leo, si kesho.
- Kuna mbwa, paka, au sungura mwingine?
- Kila mtu nyumbani amekubali? Katika Walawi 11 sungura ametajwa kati ya wasioliwa, na majirani zetu wengine, hasa Wasabato, hulishika neno hilo. Hata kama haliwi, si busara kumwingiza nyumbani kabla ya kuuliza.
- Mkishindwa, mtamrudisha kwetu bila aibu?

Mama mmoja mjane alitupokea vizuri, akatusikiliza, kisha akasema, "Watoto wangu wanampenda, lakini mimi naamka saa kumi kwenda shamba. Msiniachie." Tulimshukuru kuliko wote. "Hapana" ya kweli ilimwokoa mnyama, na ilimwokoa mama mzigo.

Matokeo yalikuwa haya. Majike wawili, ndugu, walikwenda kwa muuguzi mstaafu. Wawili walikwenda kwa familia yenye watoto watatu, ambayo ilijenga banda kabla ya kuwapokea. Jike mmoja alibaki na mama yake. Dume mmoja alikwenda kwa kijana wa kwaya, na mwingine kwa mwalimu, kila mmoja na banda lake.

Madume wawili wa mwisho ndio waliotupa shida. Aliyewahitaji ni mfugaji aliyetaka mbegu mpya ili sungura wake wasizaliane ndugu kwa ndugu. Alisema bila kuficha: hawa hatawachinja, kwa kuwa anawataka kwa mbegu, lakini watoto wao wataliwa. Tungeweza kunyamaza. Badala yake babu aliwaketisha wajukuu na kuwaeleza kama alivyoambiwa. Walinyamaza kwa muda. Yule msichana aliuliza kama wataruhusiwa kwenda kuwaona. Mfugaji akasema waje Jumamosi yoyote. Ndipo akakubali, na yeye mwenyewe akambeba mmoja hadi kwenye baiskeli.

Kufuga kwa ajili ya nyama si dhambi, na hatukuandika somo hili kuwasuta wafugaji. Lililotuumiza mara ya kwanza ni kuahidi jambo moja na kufanya jingine.

6. Neno la Mungu linatuambia nini

Mithali 12:10 inamtaja mwenye haki kuwa ni mtu anayejali uhai wa mnyama wake. Tuangalie kwamba haimtaji mwenye mifugo mingi. Kumbukumbu la Torati 22:6-7 inaweka mpaka hata kwa mtu aliyekuta kiota njiani: mama ndege asichukuliwe pamoja na makinda. Mungu aliyejali kiota cha njiani hakosi kujali banda la mianzi la Bujonde. Sheria ya nchi nayo, yaani Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inamtaka mwenye mnyama amtunze na inakataza kumtesa.

Lakini neno hili linapita sungura. Kila mara ofisi yetu inapopeleka kitu kwa mtu, iwe mbuzi, mbegu, mzinga au cherehani, kuna maswali yale yale sita. Tumeyaongeza katika fomu yetu ya kutembelea kaya. Tumeongeza pia ziara baada ya wiki mbili na baada ya miezi mitatu, kwa kuwa kukabidhi si mwisho wa kazi.

7. Maswali ya majadiliano kwa kamati

1. Katika usharika wetu, ni msaada gani uliowahi kutolewa kabla ya mpokeaji kuandaliwa? Nini kilitokea?
2. Je, mtu akikataa msaada wetu kwa sababu za kweli, tunamheshimu au tunamwona hana shukrani?
3. Ni ahadi gani tuliyowapa watoto wa shule ya Jumapili ambayo bado hatujaitimiza?
4. Je, tumewahi kuandika andiko la mradi kwa sababu fedha zilionekana, si kwa sababu hitaji lilikuwepo?

Hitimisho

Sungura tisa hawajabadilisha uchumi wa Kyela, wala hatutawaweka katika takwimu za mwaka. Kwa wafadhili wetu tunasema wazi: hakuna shilingi yenu iliyotumika hapa isipokuwa mafuta ya pikipiki ya ziara zile, nayo yameandikwa. Tulipopita mara ya mwisho, mama wa sungura na binti yake walikuwa kivulini chini ya mgomba, na dume katika kizimba chake upande wa pili wa uwanja. Watoto wametundika kibao mlangoni pa kizimba hicho, kilichoandikwa kwa mkaa: HUYU NI DUME. TUMEHAKIKI.

Ndaga fijo kwa wote waliofungua milango yao, na kwa wale waliosema hapana.

Ni sisi watumishi wenzenu,
Ofisi ya Miradi ya Dayosisi